Fizikia Isiwe Chaguo la Mwisho: Wito kwa Walimu wa Kesho

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumziki. Nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na wazazi wa mtaani kwetu wananijua kwa kazi hiyo. Maneno yao hufanana mwaka hadi mwaka: "Shikamoo mwalimu. Kijana wetu kasoma PCB. Udaktari pointi hazikutosha, na famasi nayo imejaa. Sasa tunaona tumjazie ualimu wa fizikia, si ndiyo?" Huwa naitikia salamu, nanyamaza kidogo, kisha nauliza swali moja tu: yeye mwenyewe amewahi kumfundisha mtu fizikia, hata mdogo wake? Upande wa pili huwa kimya.

Siwalaumu wazazi hao. Wanataka mtoto apate chuo, apate mkopo, apate ajira, na wamesikia kwamba nchi ina upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati, jambo ambalo ni kweli. Lakini tazama tunachokifanya. Tunamchukua kijana aliyejiandaa miaka miwili awe daktari, au hakujiandaa kuwa chochote, tunamfikisha mlangoni pa darasa lenye watoto wa kidato cha kwanza ambao hawajawahi kusikia neno fizikia, tunamwambia: waonyeshe njia. Kisha tunashangaa watoto haohao wakifika kidato cha tatu wanalikimbia somo.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeko kidato cha pili, cha nne au cha sita, ambaye ukiona upinde wa mvua unajiuliza mbona rangi hukaa kwa mpangilio uleule kila siku. Uweke ualimu wa fizikia mstari wa kwanza wa fomu yako. Na maandalizi yake uyaanze sasa, maana si yale ambayo watu wengi hudhani.

Kwanza nimalize la njia, kwa kuwa ni fupi. Hapa Tanzania mlango mkuu ni kidato cha tano na cha sita katika kombi yenye fizikia: PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, biolojia) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati). Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa kozi nyingi za shahada ni prinsipo mbili zenye jumla isiyopungua pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Kwa kozi ya ualimu wa fizikia, fizikia yenyewe lazima iwe miongoni mwa masomo uliyofaulu. Wapo pia wanaopitia stashahada ya ualimu, njia ndefu kidogo ila yenye heshima zake, kwa sababu mtu wa namna hiyo hufika chuo kikuu akiwa ameshashika chaki. Vyuo vipo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na matawi yake mawili ya elimu, DUCE pale Chang'ombe na MUCE pale Iringa, UDOM kule Dodoma, na vingine. Sifa za kila kozi zimeandikwa katika mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU. Usome mwenyewe, usisimuliwe. Nimeona vijana wamepoteza mwaka mzima kwa kumsikiliza binamu anayejua kila kitu.

Ukifika chuo utasoma masomo mawili ya kufundishia, tuseme fizikia na hisabati, au fizikia na kemia, pamoja na masomo ya ualimu wenyewe: saikolojia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundishia, upimaji. Halafu utapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo utakuwa na mzigo wa mtu wa sayansi begani na mzigo wa mwalimu kichwani. Anayedhani ualimu ni njia ya mteremko huijua habari yake mwaka wa kwanza, sapu, yaani mitihani ya kurudia, zinapoanza kubandikwa ukutani.

Na sapu nyingi chanzo chake ni hisabati.

Hili nalisema kwa sauti ya juu kwa watu wa PCB. Ninyi mmesoma BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, na wengi wenu mmeisoma kama mtu anywaye dawa ya minyoo: macho yamefumbwa, liishe. Fizikia ya chuo haina huruma na jambo hilo. Mekanika, mawimbi, sumakuumeme na nadharia ya joto vyote huandikwa kwa kalkulasi na vekta. Mhadhiri hatasimama kukukumbusha namna ya kutafuta mteremko wa grafu. Kama BAM yako ni dhaifu, tafuta kitabu cha hisabati cha watu wa PCM ukikalie miezi kadhaa, sura za trigonometria, vekta na kalkulasi, huku ukifanya maswali kwa mkono wako mwenyewe. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimo katika maktaba mtandao yake, na simu ya kawaida inatosha kuvifungua.

Lakini hisabati ninayoitaka kwa mwalimu si ile ya kukremu kanuni. Chukua mlingano mmoja ambao kila mwanafunzi wa kidato cha tatu ameuandika daftarini, ule unaounganisha kasi, mchapuko na umbali. Kasi imo ndani yake ikiwa katika kipeo cha pili. Wengi huukariri, huweka namba, hupata jibu, hupigiwa tiki. Sasa uulize unasema nini kuhusu bodaboda. Unasema hivi: dereva aliyekuwa akienda kilomita 30 kwa saa akapandisha hadi 60, umbali atakaohitaji kusimama baada ya kushika breki hautakuwa mara mbili, utakuwa mara nne. Kama alikuwa anasimama ndani ya mita 6, sasa anataka mita 24, na mtoto aliyedondosha mpira barabarani hayuko mita 24 mbele. Hiyo ni habari ya uhai na kifo, na imekaa kimya ndani ya mlingano ambao watoto wetu wanaukariri kama orodha ya wafalme. Mwalimu wa fizikia ni mtu anayeweza kuusoma mlingano kama barua. Zoezi hilo halisubiri chuo. Kila kanuni unayokutana nayo sasa, kabla ya kuweka namba, iulize: nikikiongeza hiki mara mbili, kile kinakuwaje? Na iandike kwa maneno.

Sasa tuje kwenye mikono.

Katika shule moja niliyofundisha, jina lake nalihifadhi, vifaa vya maabara vilikaa kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mtu ambaye kila siku alikuwa na dharura. Voltimita zilikuwa bado kwenye maboksi yake, zinang'aa kama vyombo vya harusi. Wiki moja kabla ya mtihani wa vitendo kabati likafunguliwa. Nakumbuka kijana mmoja, mwerevu kweli, aliyekuwa akiongoza darasa, akaunganisha voltimita kwenye mstari mmoja na taa na betri, mahali pa amita. Sindano ikasoma volti zote za betri, taa ikakataa kuwaka. Yeye akabadilisha taa. Akabadilisha tena. Alikuwa anajua kwa kichwa kwamba voltimita huunganishwa sambamba, tena angeweza kukuandikia ukurasa mzima kuhusu ukinzani wake mkubwa. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa havijaambiwa.

Kijana yule hakuwa na kosa, kosa lilikuwa letu. Ila wewe unayetaka kuwa mwalimu huwezi kusubiri kabati lifunguliwe, kwa kuwa huenda shule utakayopangiwa haitakuwa hata na kabati. Jizoeze kuishi kwa vitu vilivyopo. Chukua uzi usiovutika, funga jiwe dogo, upime mita 1 kutoka pale unapouning'iniza hadi katikati ya jiwe. Livute kidogo tu pembeni, liachie, uhesabu liende na kurudi mara 20 huku saa ya simu ikihesabu sekunde. Utapata sekunde 40 hivi. Sasa fupisha uzi uwe sentimita 25, yaani robo. Wengi hubashiri sekunde 10. Utapata takriban 20. Urefu umegawanywa kwa nne, muda umegawanywa kwa mbili: kipeo cha pili kilekile cha bodaboda, kimejificha mahali pengine.

Usiishie hapo. Badili jiwe kwa lililo zito zaidi, urefu ukiwa uleule, uone kama muda utabadilika. Rudia mara tatu, na uandike namba zote, hata zile zisizokupendeza. Chora grafu. Kutokana na namba hizo unaweza kukokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia, ule wa 9.8 ambao kitabu kinakupa bure, na ukipata 9.6 au 10.1 usiibadilishe ilingane na kitabu. Jiulize umekosea wapi: uzi umevutika, umechelewa kubonyeza, umepima hadi juu ya jiwe badala ya katikati? Mwanafunzi anayepika majibu ya praktikali atakuwa mwalimu anayefundisha kupika majibu. Nimewaona wote wawili.

Kuna kisa ambacho kila mwalimu mtarajiwa wa fizikia Afrika Mashariki angepaswa kukijua, kwa sababu ni chetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, na nafasi kwenye jokofu ilikuwa ya kugombania. Mpemba, akihofia kukosa nafasi, akayaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Akamuuliza mwalimu kwa nini. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani.

Baadaye alikwenda kusoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likapata utani wa kumtania kila akikosea hesabu. Mpemba hakuacha. Siku Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea shule ile, kijana akasimama akauliza swali lilelile mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Osborne naye hakuamini. Tofauti yake na wengine ni moja tu: alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lipimwe. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja makala katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na tangu hapo dunia inaita jambo hilo athari ya Mpemba. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu chanzo chake, na wengine wanahoji hata kama linatokea kweli katika kila kipimo.

Sitaki kuwasema walimu wale. Mimi mwenyewe, siku nimechoka na silabasi imebaki sura nne, nimewazima watoto kwa neno moja, "kaa." Ila nataka uitazame sehemu yenyewe. Mkwawa ile alikochekwa Mpemba ndiko kilipo leo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, MUCE, kilichoanza mwaka 2005, na ambako walimu wa fizikia wanafundwa. Anayeingia pale akiwa hajawahi kuuliza swali la kuchekesha darasa lake, sijui atalitambuaje swali la mwanafunzi wake.

Kwa hiyo nunua daftari dogo, tofauti na la shule, uandike maswali tu. Mbona maharage Njombe yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam? Kwa sababu mgandamizo wa hewa milimani ni mdogo, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, huchemka kwenye nyuzi 80 na kitu. Unaweza kuona mvuke unaruka na viazi bado vigumu. Mbona upondo wa mtumbwi unaonekana umevunjika pale unapoingia majini? Mbona sakafu ya saruji ni baridi mguuni kuliko jamvi lililolala juu yake, ilhali vyote vimelala chumba kimoja? Mengine utayajibu mwenyewe, mengine yatakaa hadi chuo. Daftari hilo litakufaa kuliko desa lolote, kwa sababu siku utakaposimama darasani maswali hayo ndiyo yatakuwa milango ya vipindi vyako.

Na lugha je? Hapa ndipo ninapokereka zaidi, nikuombe radhi mapema. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakafika kidato cha kwanza wakakutana na fizikia na Kiingereza kwa mpigo, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye anakariri sentensi za kitabu. Mtihani uko kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza chako kiweke sawa: soma, andika, eleza majaribio yako kwa sentensi kamili. Hilo halina mjadala. Lakini mtu aliyeelewa jambo huweza kulieleza kwa lugha aliyonyonya nayo, na asiyeweza, hajaelewa.

Jaribu kueleza tofauti ya tungamo na uzito kwa mama muuza unga. Yeye anasema mfuko una uzito wa kilo 25, na sokoni yuko sahihi. Fizikia inasema kilo 25 ni tungamo, kiasi cha unga wenyewe. Uzito ni jinsi dunia inavyouvuta mfuko huo, yapata nyutoni 245. Ukiupeleka mwezini unga ni uleule, ugali ni uleule, lakini uzito unabaki kama nyutoni 41. Au lile neno "nguvu", ambalo kwetu linabeba kani, nishati na hata umeme wenyewe katika mfuko mmoja. Au "kazi". Mwambie mpagazi aliyesimama na gunia begani nusu saa akisubiri gari kwamba kwa mujibu wa fizikia hajafanya kazi yoyote juu ya gunia, kwa kuwa halikusogea, kisha uone atakavyokutazama. Ukifaulu kumweleza bila kutukanwa, wewe ni mwalimu.

Miezi ya kusubiri ndiyo hazina. Mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba na kidato cha tano huanza katikati ya mwaka unaofuata. Wa kidato cha sita huwa Mei na vyuo hufunguliwa karibu na mwisho wa mwaka, na hata ukitoa muda wa JKT bado zipo wiki nyingi. Nenda kwenye sekondari ya kata iliyo jirani. Vaa vizuri, msalimie mkuu wa shule, omba kusaidia kipindi cha fizikia au kusahihisha madaftari, bila malipo. Ukikubaliwa, utajifunza ndani ya wiki mbili jambo ambalo mtihani hauwezi kukupima: kama unafurahi mtu mwingine anapoelewa, au unafurahi tu wewe unapoonekana unajua. Ukigundua ni hilo la pili, geuka mapema, uhandisi ni kazi nzuri.

Wakuu wa shule, fungueni makabati. Kipimajoto kilichovunjwa na mtoto anayejifunza kimefanya kazi kuliko kizima kilichofungiwa boksini hadi mkaguzi apite. Na mnipokelee vijana hawa wanaokuja kujitolea, msiwaone wasumbufu.

Wazazi wenzangu, binti akisema anataka fizikia msimwulize ataolewa na nani, mwulizeni amefika sura gani. Kijana akisema anataka kuwa mwalimu, msimwambie kapoteza akili zake. Nchi hii imejenga bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na treni ya umeme inakwenda Dodoma. Kila fundi na kila mhandisi atakayeyatunza hayo alianzia kwenye dawati la kidato cha kwanza mbele ya mtu mmoja mwenye chaki, na kama mtu huyo alikuja pale kwa kukosa pa kwenda, mtoto alilijua siku ya kwanza.

Nawe kijana, kabla hujalala leo, tafuta uzi, pima mita 1, funga jiwe, hesabu mara 20. Ukishapata namba zako, muite mdogo wako aje aangalie, fupisha uzi mbele yake, na kabla hujauachia mwulize anadhani itakuwaje. Akikuuliza swali usilolijua, liandike la kwanza kwenye lile daftari dogo, na jina lake ulitie kando.